Mgawaji Mkuu Huchukua Mwisho

Mwenye chungu motoni akakiepue kwanza ndipo aje akae, maana hadithi hii ina moshi wake wa kutosha na haitaki kuongezewa.

Palikuwa na nchi moja, jina lake tuliache lilale, iliyokuwa ikitawaliwa vizuri sana. Wananchi walijua kwamba wanatawaliwa vizuri kwa sababu redio iliwaambia hivyo kila asubuhi, kabla ya bei ya mahindi. Katika nchi hiyo kulikuwa na mji uitwao Masizini. Masizini kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, na pembeni ya mgodi kulikuwa na mtambo wenye dohani ndefu, uliochoma makaa hayo na kuyageuza umeme. Umeme ulipanda kwenye nguzo, ukapita juu ya mapaa ya Masizini bila kutua, ukaenda moja kwa moja mji mkuu kuwasha taa, majokofu, na ile chemchemi ya maji ya rangi mbele ya Wizara ya Hewa. Masizini yenyewe iliwasha vibatari. Watu hawakulalamika sana, kwani nyaya nazo zilikuwa na faida: mbayuwayu walipata pa kukaa.

Nje ya lango la mgodi alikuwapo Bi Nyamizi, mjane, mama lishe. Wachimbaji wakiingia kazini hutundika vibati vyao langoni, kila mtu na kibati chake chenye namba, ili ijulikane nani yuko chini na nani ametoka. Bi Nyamizi alivitazama vibati vile kutoka bandani kwake, akajua apakue sahani ngapi. Kibati kimoja alikitazama kuliko vyote, nacho ni cha Mabula, kitinda mimba wake. Kaka zake Mabula walikwenda mji mkuu kutafuta maisha, na tangu wayapate hawajarudi.

Tena kukitokea harusi au msiba, Bi Nyamizi ndiye aliyeshika upawa. Masizini hawampi upawa mtu hivi hivi tu. Wana desturi yao: mgawaji huchukua mwisho, yeye na nyumba yake. Chakula kikiisha kabla hakijamfikia, basi alale njaa na asinune.

*

Siku moja serikali ikagundua kwamba angani kuna moshi. Wazee wa Masizini walikuwa wameugundua zamani, lakini wao waliugundua kwa kukohoa, na kukohoa si utafiti.

Waziri wa Hewa, Mheshimiwa Shabuka, akatangaza kwamba moshi umepigwa marufuku kuanzia Jumatatu. Wakatumwa wakaguzi wenye leso nyeupe. Mkaguzi huingia jikoni, huitundika leso yake juu ya mafiga, kisha huichungulia. Ikiwa imebadilika rangi, mwenye jiko ana kesi. Jikoni kwa Bi Nyamizi leso ilitoka kama dasta la shuleni. Akauliza kwa adabu kuhusu ile dohani pale juu, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imelificha jua. Mkaguzi akamweleza kwamba ule si moshi, ule ni wingu la maendeleo, na lina kibali. Yeye akaamriwa ahamishe banda lake ng'ambo ya barabara, ili moshi wake usiichafue dohani.

Akahama bila ugomvi. Ila alihama kwa desturi ya kwao: alichukua kijinga cha moto kutoka mafiga ya zamani, akawasha mafiga mapya, akabandika chungu, na kule kwa zamani moto akauacha uwake. Mkaguzi akauliza kwa nini hauzimi. Akamwambia kwamba moto wa zamani hauzimwi mpaka chungu kipya kiive na walaji wote washibe, maana chungu kipya chaweza kupasuka, na mwenye njaa hali ahadi. Mkaguzi akaona hilo ni jambo la kuchunguzwa kwa kina, akakaa akachunguza sahani mbili, ndipo moto wa zamani ukazimwa.

Haikupita muda redio ikasema mgodi wenyewe utafungwa. Mahali pake nchi itapata shamba kubwa la sola, uwandani, upande wa pili wa kilima. Mabula akaja kula. Alipomaliza akasema, "Mama, langoni wanasema shambani watu wa kazi wameshapatikana. Wanatoka mji mkuu."

"Na nyie?"

"Sisi tumeambiwa tujivunie."

Tangu siku hiyo Bi Nyamizi alikuwa na neno moja tu, akilala nalo na kuamka nalo: lango la zamani lisifungwe kabla lango jipya halijafunguliwa, na likifunguliwa, watu wa Masizini waingie kwanza. Hapo Mabula hatakuwa na sababu ya kufunga mzigo wake.

*

Shamba la sola lilihitaji fedha, na fedha zilikuwa kwa wawekezaji wa ng'ambo. Mkubwa wao aliitwa Bwana Oskari, mtu mpole, mrefu, aliyeinama kwenye kila mlango hata ambao ungempitisha wima. Akasema fedha zipo, lakini kuna sharti: kuhama huku kutoka makaa kwenda jua kuwe kwa haki.

Mheshimiwa Shabuka akamtoa wasiwasi. Haki, alisema, ni kitu ambacho nchi hii inacho kwa wingi, basi tu haijapata soko. Mwezi huo huo ikaundwa Idara ya Haki, ikapewa mkurugenzi, manaibu, magari na bendera. Kazi yake ya kwanza ikawa kujenga ukuta mrefu kuizunguka, haki isije ikaibwa na wanaoitafuta.

Bwana Oskari akatembezwa idarani, akaona mazulia, akapenda. Kisha akauliza, kwa njia ya mkalimani, wale watakaofungiwa mgodi wao wanasemaje. Viongozi wakatazamana. Katika mipango yote, kuanzia bendera mpaka mazulia, hakuna aliyekumbuka kwamba watu hao huwa wanasema.

Gari likatumwa Masizini mbio. Dereva aliagizwa alete mwananchi mmoja, awe msafi na asiwe anakohoa. Alizunguka mji mzima. Mwishowe akamwona Bi Nyamizi, ambaye hukohoa asubuhi tu, akamchukua, na wizara ikahamishia mikutano yote alasiri.

Akapewa cheo: Mwathirika wa Taifa. Kilikuja na kiti cha mbele, chupa ya maji, na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Tuseme kweli, lile gari alilipenda. Lilikuwa na upepo wa baridi unaotokea kwenye matundu, na siku ya kwanza alimwomba dereva azunguke tena pale sokoni, eti amesahau chumvi, ili wenzake wamwone vizuri.

Mkutanoni akapewa nafasi. Akasimama, akasema neno lake: lango la zamani lisifungwe kabla lango jipya halijafunguliwa, na wa Masizini waingie kwanza. Katibu akaandika: Mwathirika ametoa shukrani. Mkutano wa pili alilisema tena, kwa nguvu zaidi, na katibu akaandika: Mwathirika ametoa shukrani kwa sauti. Mkutano wa tatu akaona anyamaze awatazame tu. Ikaandikwa: Mwathirika amekosa maneno kwa furaha.

*

Siku hiyo ya tatu kulikuwa na chakula cha mchana. Meza ndefu, masinia yanafuka, na viongozi wakajipanga kwa vyeo. Mheshimiwa Shabuka ndiye aliyeshika kijiko kikubwa, akisema mbele ya wageni kwamba yeye ndiye mgawaji wa riziki ya taifa hili. Na huku akisema alijipakulia mapaja ya kuku, kisha akawapakulia rafiki zake. Ilipofika zamu ya Bi Nyamizi kulikuwa na kachumbari.

Bwana Oskari naye alikuwa amechelewa kwenye foleni, kwa upole wake. Wakakaa pamoja na kachumbari zao. Akamuuliza kwa mkalimani kama chakula kimempendeza.

"Chakula kizuri," Bi Nyamizi akasema. "Ila kwetu anayegawa hachukui kwanza. Huchukua mwisho."

"Kwa nini?"

"Ukijua kipande cha mwisho ndicho chako, mkono wako unakata sawa tangu kipande cha kwanza. Hauhitaji mtu wa kukusimamia."

Mkalimani akafasiri. Bwana Oskari akaweka uma chini. Akaomba lirudiwe. Kisha akasimama na kusema kwamba ameketi vikao vingi katika nchi nyingi akitafuta namna ya kuliweka jambo hili, na leo amelipata kwenye kachumbari. Akataka liingie kwenye mkataba.

Mheshimiwa Shabuka hakuwa amesikia lolote, kwani kuku anapovunjwa mfupa karibu na sikio huwa na kelele. Aliona tu mwekezaji anatabasamu. Akasema hiyo ndiyo sera ya serikali tangu uhuru, na kabla ya uhuru pia. Wakaandika hapo hapo kwamba kila kitakachopatikana kwa fedha hizi, kazi, umeme na mengineyo, kitagawanywa kwa desturi ya Masizini, yote, kama ilivyo. Waziri akatia sahihi kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa na mafuta.

*

Kesho yake mwanasheria wa wizara akausoma mkataba, akaomba maji.

Habari zikaenea serikalini kama moto wa nyasi: mgawaji atachukua mwisho. Ghafla nchi nzima hapakuwa na mgawaji. Waziri wa Ugawaji akabadilisha bango la mlangoni kwake, likawa la Waziri wa Upokeaji. Mkuu wa mkoa aliyekuwa akijiita Upawa wa Wananchi akakanusha redioni, akasema yeye tangu utoto hajawahi kugawa kitu, na mama yake yupo, aulizwe. Mheshimiwa Shabuka akaeleza kwamba pale mezani alikuwa ameshika kijiko kwa ajili ya picha.

Wakakaa kikao. Mtu akasema, kwani desturi ni ya nani? Na kwao nani hushika upawa? Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Ndivyo Bi Nyamizi alivyopandishwa kutoka Mwathirika wa Taifa kuwa Mgawaji Mkuu wa Taifa. Akavishwa joho, akakabidhiwa upawa wa shaba uliopigwa msasa ukang'aa, na bendi ikapiga. Waziri akatoa hotuba ndefu kumsifu mama wa Kiafrika, mvumilivu, asiyetanguliza tumbo lake. Akarudia mara kadhaa hapo pa tumbo.

Baada ya hotuba alimvuta kando.

"Bibi, desturi tutaifuata, si ndiyo? Wewe utachukua mwisho."

"Ndiyo desturi, baba."

"Wewe na nyumba yako."

"Mimi na nyumba yangu."

"Na huyo kijana wako, Mabula, naye yumo kwenye nyumba yako?" Waziri akashusha sauti. "Mimi ni mzazi kama wewe. Siku ya kugawa, ukianza na meza kuu, sisi tukapata vibati vya kazi mpya kwa jamaa zetu, mimi nitahakikisha kimoja kinadondoka karibu na Mabula. Hakuna atakayeona. Desturi haina macho."

Bi Nyamizi aliutazama upawa. Uso wake ulionekana mle ndani, umepinduka kichwa chini. Njia nzima ya kurudi Masizini hakumwambia dereva apite sokoni.

*

Siku ya kugawa, uwanja wa Masizini ulipambwa kwa mashada. Katikati palikuwa na sufuria kubwa la wali wa nyama, na pembeni yake sinia lenye vibati vipya, vinang'aa. Kila kibati kilikuwa ni nafasi ya kazi katika shamba la sola. Kwenye meza kuu, viongozi walikuwa wameshafunga leso shingoni. Nyuma yao walisimama jamaa zao, nao walishajua vyeo vyao: mpwa wa Mheshimiwa Shabuka angekuwa Afisa Kivuli, wa kuhakikisha kivuli hakiangukii sola; shemeji yake Msimamizi wa Mawio; na mtu wa familia nyingine, ili pasiwe na upendeleo, Msimamizi wa Machweo.

Wachimbaji walikaa chini, upande wa jua. Mabula alikuwa miongoni mwao. Mzigo wake ulikuwa tayari nyumbani, umefungwa kwa kanga ya mama yake.

Bi Nyamizi akafunua sufuria. Waziri akamkonyeza na kusogeza sahani. Yeye akauinua upawa, akaita kwa sauti ile ile anayoitumia misibani:

"Walioleta kuni waje."

Mheshimiwa Shabuka akauliza kwa tabasamu hilo limetoka wapi. Bi Nyamizi akamjibu kwamba ni desturi, yote, kama ilivyo: mgawaji huchukua mwisho, na wanaoanza ni walioleta kuni, kwa kuwa bila kuni wote wangekuwa wanatazama mchele. Na kuni za nchi hii, makaa yaliyowasha kila taa ya mji mkuu, zililetwa na hawa waliokaa juani, na baba zao, na wengine ambao vibati vyao vilibaki langoni bila wenyewe kutoka.

Bwana Oskari, aliyekuwa ameketi meza kuu kwa kulazimishwa, akasema jambo hilo amelisaini na analiona sawa. Akajitoa kwenye meza, akaenda kukaa chini, kwenye jua, akakunja miguu kwa taabu.

Wachimbaji wakapita mmoja mmoja. Kila mtu sahani na kibati. Wakafuata wajane wa mgodi na watoto wao wakubwa, sahani na kibati. Mkono wa Bi Nyamizi ulikata sawa. Mabula akasimama kwenye mstari, akafika mbele ya mama yake na sahani yake.

"Kaa pembeni, mwanangu," akamwambia. "Wewe ni wa nyumba yangu."

"Mama, makaa nimeyachimba kama wao."

"Umeyachimba."

"Basi?"

"Basi upawa ninao mimi."

Mabula akakaa pembeni. Watu walitazama miguu yao. Jirani mmoja, mama wa watu, akasema taratibu kwamba desturi nayo ina siku zake za kusamehe. Bi Nyamizi akajifanya hakusikia, akaendelea kupakua, ila mvuke ule wa wali ulimpa kisingizio cha kupangusa macho.

Vibati vikaisha. Meza kuu ilipofikiwa, sufuria lilikuwa na ukoko. Bi Nyamizi akaukwangua kwa heshima zote, akamgawia kila kiongozi kipande, sawa kwa sawa. Mheshimiwa Shabuka, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wakitazama, akautafuna na kutangaza kwamba serikali imeupokea ukoko kwa mikono miwili. Afisa Kivuli akaanza kulia.

Ikabaki nyumba ya mgawaji. Bi Nyamizi akalamba upawa, ndicho kilichokuwapo. Akauliza kama kuna kingine cha kugawa. Katibu akachungulia kisanduku, akatoa kitu kilichokuwa hakina mwombaji: ufunguo mkubwa wa lango la zamani la mgodi. Wizara ilitaka mtu wa kulifunga, na kwa kuwa ilifikiri ni kazi ya Jumatatu moja, iliandika kwa ukarimu kwamba mshika ufunguo atalipwa mshahara kamili maadamu ufunguo uko mkononi mwake.

Mabula akaupokea. Alisema maneno ambayo mama yake hakuyasahau.

"Wote umewapa kazi. Mimi umenipa kufuli."

Mheshimiwa Shabuka akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamwamuru kijana akafunge mara moja, wapige picha. Bi Nyamizi akauliza kama chungu kipya kimeshaiva. Akamweleza Bwana Oskari, na Bwana Oskari akawaeleza wengine, kwamba kwa desturi ile ile moto wa zamani hauzimwi mpaka walaji wote washibe. Na mkataba ulisema kazi, umeme na mengineyo. Kazi zimegawanywa. Umeme je?

Ufunguo ukaenda mfukoni mwa Mabula. Jioni hiyo akafungua mzigo wake, akarudisha kanga ya mama yake, na wakala ugali wakiwa wamepeana visogo.

*

Shamba la sola likaanza kazi. Wa Masizini wakaingia na vibati vyao vipya. Umeme wa jua, msafi, usio na moshi, ukapanda kwenye nguzo, ukapita juu ya mapaa ya Masizini bila kutua, ukaenda moja kwa moja mji mkuu. Mbayuwayu hawakuona tofauti.

Fungu la mwisho la fedha lilikuwa likisubiri mgodi ufungwe. Wizara ikamwandikia Mabula afunge. Mabula akajibu kwamba walaji bado. Wakamtuma mkurugenzi wa Idara ya Haki, aliyetoka nje ya ukuta wake kwa mara ya kwanza, akapotea njia. Wakatuma askari wamnyang'anye ufunguo, lakini mwanasheria akaomba maji tena, akasema ufunguo ukitoka kwa nguvu, mkataba wote unatoka nao.

Kisha viongozi wakapata akili. Asubuhi moja msafara wa magari meusi ukaingia Masizini na ving'ora. Milango ikafunguliwa, wakashuka mawaziri, suti zimenyooka, na kila mmoja ameshika kijiti kimoja cha kuni. Walikuwa wameisoma desturi: walioleta kuni huanza. Wakajipanga mbele ya banda la Bi Nyamizi, wa kwanza Mheshimiwa Shabuka, ambaye kijiti chake kilifungwa utepe.

Bi Nyamizi akawapokea vizuri, akawapa pole ya safari.

"Wekeni hapo, wanangu. Sasa pigeni magoti."

Wakauliza kulikoni. Akawaeleza kwamba aliyeleta kuni hutazama moto mpaka chakula kiive, na leo anapika maharage, yale magumu. Mheshimiwa Shabuka akainama, akatupa tai begani, akapuliza. Kuni za wizara zilikuwa mbichi. Moshi ukamwingia machoni, puani, hadi kwenye hotuba.

"Bibi," akasema akitokwa na machozi, "huu moshi unauma."

"Unauma, baba. Ndivyo tulivyokuwa tukiwaambia."

"Sasa mtu anautoaje?"

"Kwa umeme."

Waziri akapuliza kidogo tena. Alisikika akimuuliza Waziri wa Upokeaji, aliyekuwa upande wa pili wa mafiga, nguzo moja ina bei gani.

*

Nguzo zikaja. Mambo ya serikali yakitaka kwenda huenda, ajabu ni hiyo. Nyaya zikashuka Masizini, kwanza kwa waliokuwa wachimbaji, kisha kwa wajane, kisha soko, shule na zahanati. Mbayuwayu wakahamia juu kidogo. Kila nyumba ilipowaka, Mheshimiwa Shabuka aliipigia makofi mwenyewe, akimtazama Mabula.

Siku ya mwisho akaja na wapiga picha, bendi na Bwana Oskari. Wakamkuta Mabula amekaa kwenye kigogo chake langoni. Dohani nyuma yake ilikuwa bado ikitoa uzi mwembamba wa moshi.

"Haya kijana," waziri akasema. "Mji mzima umewaka. Walaji wameshiba. Funga."

Mabula akasimama, akajinyoosha, akatazama ng'ambo ya barabara.

"Bado mmoja."

Wote wakageuka. Nyumba ya Bi Nyamizi, nyuma ya banda, ilikuwa giza mlangoni, na kibatari kinafuka.

"Lakini si ndiyo desturi yenu?" waziri akasema, naye safari hii alikuwa ameisoma vizuri. "Mgawaji huchukua mwisho."

"Huchukua mwisho, Mheshimiwa," Mabula akasema. "Lakini huchukua."

Mafundi walikuwa wameshaondoka. Ngazi ilikuwepo, waya ulikuwepo, na balbu moja ilibaki kwenye boksi. Bendi ikatazama chini. Mheshimiwa Shabuka akavua koti, akampa Afisa Kivuli alishike, akapanda mwenyewe. Fundi mmoja akarudishwa kutoka njiani kuunga waya. Balbu aliifunga waziri kwa mkono wake, akiuliza kila mara kama ni kulia au kushoto.

Taa ikawaka.

Bi Nyamizi aliingia ndani akasimama katikati ya chumba. Alitazama juu, kisha akatazama kuta. Aliishi humo tangu alipoolewa, na hakuwa amejua kwamba zilikuwa nyeusi kiasi kile. Akapitisha kidole ukutani, akakitazama.

Mabula alikuwa mlangoni, ufunguo mkononi. Nje bendi ilikuwa ikingoja ishara, na waziri alikuwa ameshanyoosha kiganja kupokea.

"Mama, nifunge?"

"Funga, mwanangu," akasema, akajipangusa kidole kwenye kanga. "Ila ufunguo baki nao."